Eti Mazungumzo ya Familia

Julai 2025, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, iliandika tashbihi mbovu kuliko zote nilizosoma mwaka ule. Katika hati waliyoipeleka mahakamani Texas wakiwa pamoja na walioishtaki, makanisa mawili yakiwemo, walikubali kwamba kanisa likizungumza na waumini wake kwenye ibada kuhusu uchaguzi, kwa jicho la imani, halijaingia kwenye kampeni. Hayo ni ya ndani, wakasema, kama familia inavyozungumza habari za wagombea.

Sisi tunaoshinda na mashairi tunajua kwamba tashbihi lazima ishike mahali. Hebu tuijaribu hii.

Kwetu siasa ikiingia mezani, baba anasema lake, mjomba anabisha, mdogo wangu anacheka, mama anatukumbusha kwamba chakula kinapoa. Kanisani nani anabisha? Mmoja ana kipaza sauti na amesimama juu. Sisi wengine kazi yetu ni kusema Amina. Nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa tangu utotoni na sijawahi kuona mtu akinyoosha mkono katikati ya mahubiri. Baba akimsifia mgombea wake, ni maneno ya baba tu. Mchungaji akimsifia wa kwake, Biblia iko wazi mbele yake. Na kubwa zaidi: familia haipitishi kapu la sadaka.

Hapo kwenye kapu ndipo penye hoja. Sheria inayogombaniwa ni ya 1954, na aliyeipeleka Seneti ni Lyndon Johnson. Haisemi makanisa yanyamaze. Inasema taasisi iliyosamehewa kodi ya mapato, ambayo wachangiaji wake nao wanaweza kupunguziwa kodi, isimuunge mkono wala kumpinga mgombea yeyote. Basi. Vita, mishahara, utoaji mimba, ubaguzi, yote ruksa kuhubiri. Martin Luther King alihubiri sheria hii ikiwepo mpaka alipouawa 1968, na sijui nani anaweza kudai mahubiri yale hayakuwa na siasa ndani yake.

Sasa fuata pesa. Mmarekani akimchangia mgombea, hapunguziwi kodi hata senti. Akitoa sadaka, anaweza kupunguziwa. Tena makanisa kule hayalazimiki kujaza ile taarifa ya mwaka ya mapato na matumizi ambayo mashirika mengi ya hisani hujaza. Unganisha hayo mawili uone mlango unaofunguka: pesa ya kampeni inaingia kama sadaka, haijulikani ni ya nani, na nafuu yake ya kodi inabebwa na walipa kodi wote, wakiwemo Muislamu, asiye na dini, na Mkristo wa chama kingine.

Sawa, Johnson hakuwa malaika. Alikuwa anayabana mashirika yaliyompiga vita kisiasa nyumbani kwake Texas. Makanisa hata hayakuwa shabaha yake. Na sheria yenyewe imetumika kwa nadra mno. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Church at Pierce Creek la jimbo la New York, ambalo mwaka 1992, siku chache kabla ya uchaguzi, lilinunua matangazo magazetini kuwaonya Wakristo wasimchague Bill Clinton. Chini ya tangazo likaomba michango, likikumbusha kwamba inapunguza kodi! Likanyang'anywa msamaha. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema kanisa halijazibwa mdomo. Limepoteza nafuu ya kodi tu. Mimi siioni dhuluma hapo.

Najua msomaji wa Dar es Salaam ameshanuna. Juni 2025, mwezi mmoja tu kabla ya hati ile ya Texas, serikali yetu ilifuta usajili wa Kanisa la Ufufuo na Uzima baada ya Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa CCM, kukemea utekaji. Je, kuiachia dola mpaka wa siasa na dini si kuipa rungu? Swali zito, na silikwepi. Lakini angalia kilichoadhibiwa ni nini. Hapa kwetu kanisa lilifungwa kwa kukemea. Sheria ya Johnson inaruhusu kukemea; inachozuia ni kupiga debe. Ukichanganya hayo mawili unamsaidia mtekaji, kwa sababu atapata kisingizio cha kumwita kila anayemkemea mpiga debe.

Yohana Mbatizaji alimkemea Herode mpaka akakatwa kichwa. Hakumtafutia Herode mpinzani akamnadi kwa watu pale Yordani. Mchungaji aliyemnadi mgombea Jumapili hii, mgombea yule akishinda kisha akaiba, atamkemea kwa mdomo upi? Wanaodhani hati ile ya Texas ilikuwa ushindi wa kanisa wajibu hilo kwanza.

Nami kama muumini nina ombi moja dogo. Kama kweli sisi ni familia na haya ni mazungumzo, mchungaji akishamaliza kumtaja mgombea wake, aniletee kipaza sauti. Na mimi nina langu la kusema.