Fundi wa Mabango Anayeanza Anunue Dhahabu Kidogo, Lakini Iwe Dhahabu

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapita Ipogolo, chini ya mlima wa kupandia Iringa mjini, na kila mwenye biashara pale anagombea jicho la msafiri. Siku hizi jicho hilo linagombewa kwa stika na mabango ya kuchapwa kwa mashine, ambayo jua likishayachoma hupauka na kubanduka pembeni. Fundi kijana anayetaka kazi yake itambulike ana njia nyingine, ya zamani na ngumu zaidi: kuandika jina la duka kwa dhahabu nyuma ya kioo, kama ilivyofanywa kwenye milango ya benki na ofisi za mawakili wa Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Dhahabu ya kazi hiyo huagizwa kutoka nje, na kwenye kuagiza ndipo ilipo rahisi kupoteza fedha kabla hata kioo hakijasafishwa. Msimamo wangu ni kwamba anayeanza anunue kijitabu kimoja cha dhahabu halisi, aachane na pakiti kubwa za bandia.

Kinga ya kwanza ya mnunuzi ni hesabu. Dhahabu ya kupambia hupondwa mpaka iwe na unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kwa unene huo, gramu moja hufunika karibu nusu mita ya mraba. Kijitabu cha kawaida kina karatasi 25 za dhahabu, za sentimita 8 kwa 8, na dhahabu yote iliyomo haifiki nusu gramu. Oktoba 2025 bei ya wakia moja ilivuka dola 4,000, yaani kama dola 129 kwa gramu. Hata kwa bei hiyo, madini yaliyomo kwenye kijitabu hayafiki dola 65, ukiacha ujira wa ufundi na usafirishaji. Sasa chukua pakiti ya karatasi 100 za sentimita 14 kwa 14, imeandikwa karati 24, inauzwa mtandaoni kwa shilingi elfu chache. Ingekuwa dhahabu ya unene ule ule, ingebeba karibu gramu 4, zenye thamani inayokaribia dola 500. Kwa bei ile, kilichomo ni shaba iliyochanganywa na zinki, hata kama picha ya tangazo inang'aa namna gani.

Hata dhahabu halisi si zote zinafaa kioo, na hapa mnunuzi mpya anahitaji uangalifu mkubwa. Kuna karatasi za dhahabu zilizogandamizwa kwenye karatasi nyingine laini ili upepo usizipeperushe. Hizo zinafaa mbao na kuta za nje, na kwa sababu ni rahisi kuzishika, anayeanza huvutiwa nazo. Kwenye kioo hazifai, kwa kuwa kazi ya kioo hufanywa juu ya maji. Fundi huyeyusha jelatini kidogo kwenye maji ya moto, huyamwaga maji hayo nyuma ya kioo, kisha huinua karatasi ya dhahabu kwa brashi pana ya manyoya ya kindi aliyoipitisha shavuni ili ipate mafuta kidogo ya ngozi. Brashi ikikaribia, maji yenyewe huivuta dhahabu na kuitandaza. Mwanzoni inaonekana imekunjamana na imefifia. Maji yakikauka inabana kioo na kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo agiza dhahabu isiyogandamizwa, ya karati 23, ambayo muuzaji ameitaja kuwa ni ya kioo, maana hizo huchaguliwa zisiwe na matundu mengi. Tundu moja dogo huonekana kwa mbele, ndiyo sababu mafundi hutandaza tabaka mbili.

Wapo wanaosema mwanafunzi ajifunzie kwenye bandia kwanza, kwani ataharibu nyingi. Hoja hiyo ina uzito kwenye fremu za picha na mapambo ya ndani: bandia iliyozibwa vizuri kwa vanishi hudumu huko. Lakini bandia ni nene na nzito kuliko dhahabu. Mkono unaoizoea hauzoei kitu kinachopeperuka kwa pumzi. Halafu kuna baridi ya Iringa ya Juni na Julai. Umande ukitanda upande wa ndani wa kioo cha duka na kupenya kwenye ukingo wa herufi, shaba hubadilika rangi, na lawama humwangukia fundi.

Swali linaloniuma zaidi ni la Chunya. Machimbo ya Lupa, wilayani Chunya, yamekuwa yakitoa dhahabu tangu miaka ya 1920, tena katika mkoa jirani wa Mbeya, na tangu 2019 Chunya ina soko lake la madini. Kwa nini basi tuagize ng'ambo? Kwa sababu kinachonunuliwa kwenye kijitabu ni ufundi pamoja na madini. Dhahabu husafishwa, huchanganywa kwa kipimo, husukumwa kuwa utepe, kisha hupondwa kwa saa nyingi. Mji wa Kanazawa huko Japani umeishi kwa kazi hiyo kwa karne kadhaa. Tena, kununua dhahabu ghafi bila leseni ni kosa la jinai, hivyo fundi asijaribu njia ya mkato. Lakini nchi inayosafisha dhahabu Mwanza na Geita inaweza kufundisha vijana kuiponda, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, na mamlaka ya ufundi stadi, VETA, wanapaswa kulibeba jambo hili.

Wakati tukisubiri hayo, mafundi wa Ipogolo wanaweza kuagiza pamoja wagawane gharama ya usafirishaji. Kijitabu kimoja, kwa tabaka mbili, kinatosha neno la herufi nne zenye urefu wa sentimita 10. Liandike kwanza kwenye kipande cha kioo kilichobaki kwa fundi wa alumini, kabla hujagusa kioo cha mteja.