WANANCHI HAWAKUYAKATAA MABASI

Wako mabwana wakubwa hapa Dar es Salaam wapendao kusema kwamba wananchi bado hawajastaarabika kiasi cha kupanda mabasi ya mwendokasi. Yasemwa wanasukumana milangoni, wanapitia madirishani, na wengine wamerudia bodaboda. Wasemao hayo wamo ndani ya magari yao, kila mtu na gari lake, vioo vimefungwa. Sisi twasema maneno hayo si ya haki.

Mabasi hayo yalipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, wananchi waliyapokea kwa furaha. Nauli iliwekwa shilingi 650 kwa njia kuu, na 400 kwa mabasi madogo yaletayo abiria kutoka pembeni. Lakini aliyepanda yote mawili alilipa 800 tu. Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo lote. Mtu wa Mbezi hakununua safari mbili, alinunua moja, akabakiwa na shilingi 250. Kwenda na kurudi ni 500, na kwa mama auzaye mboga hiyo si fedha ya kuchezea.

Walichokataa wananchi ni kusimama. Nani amlaumu mtu aliyengoja kituoni hata miguu ikafa ganzi, mabasi yaliyojaa yakimpita, akaita bodaboda? Ni ghali, tena ni hatari, lakini huja inapoitwa. Na masika maji ya Jangwani yakijaa, njia hufungwa, abiria huambiwa wasubiri. (Kwamba bonde lile hufurika, wazee wa Magomeni wangalisema bila kulipwa.)

Na daladala je? Serikali iliziruhusu mwaka 1983 kwa kuwa mabasi ya UDA hayakuutosheleza mji, na tangu hapo zimeubeba mji huu mabegani. Leo zaitwa uchafu. Madereva na makondakta wale ni ndugu zetu, wana watoto wa kulisha. Twaonelea wasifukuzwe barabarani kama mbuzi shambani, bali wapewe kazi ya kuleta abiria kwenye vituo vikuu, kwa tiketi ile ile moja. Njia ya Mbagala ilianza kutumika mwaka 2025. Huko nako watu wanakaa mbali na barabara kuu, na basi zuri lisilofikika halimfai mtu.

Lawama yetu kwa wananchi ni moja: pikipiki na magari yaingiayo njia ya mabasi. Bwana mmoja mwenye haraka huwazuia watu zaidi ya mia.

Nao mabwana wakubwa twawaomba wiki moja tu. Wayaache magari nyumbani, wasimame Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tiketi mkononi, kisha watuandikie.