Yaliyowakuta wavuvi wa Kaspi yaweza kutufika Kilindini

Zamani jahazi likiondoka bila shehena lilipakia mawe ya farumi lisije likapinduka. Meli za leo hubeba maji badala ya mawe. Huyachota bandari moja na kuyamwaga nyingine, pamoja na mayai na wadudu wa baharini waliomo.

Hasara yake waijua wavuvi wa Bahari ya Kaspi. Bahari hiyo imezingirwa na Urusi, Kazakhstan, Turkmenistan, Iran na Azerbaijan. Chumvi yake ni kama thuluthi moja tu ya bahari kuu, na viumbe wake wengi hawapatikani kwengine. Mwaka 1952 ulifunguliwa mfereji wa kuunganisha mito ya Volga na Don, na meli zikapata njia ya kutoka Bahari Nyeusi.

Mapema miaka ya 1980, Mnemiopsis, mnyama anayefanana na yavuyavu, alionekana Bahari Nyeusi. Kwao ni pwani ya Atlantiki ya Amerika. Kufikia 1999 alikuwa Kaspi. Hawashi mtu, lakini hula chakula cha samaki wadogo na mayai yao, na mmoja pekee aweza kuzaa bila mwenziwe. Katika miaka michache, mavuno ya kilka, dagaa wa huko, yalishuka Iran kwa zaidi ya nusu. Uvuvi wa kupita kiasi nao ulichangia, ila mgeni huyu aliwakuta samaki tayari wamechoka.

Bahari Nyeusi ilipata nafuu baada ya 1997, alipofika mgeni mwengine, Beroe, anayemla Mnemiopsis. Hiyo ilikuwa bahati, haikuwa mpango wa serikali yoyote.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji ya farumi ulipitishwa 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017. Kenya ni mwanachama. Kwa hivyo suala letu si sheria, ni utekelezaji. Meli zinazotia nanga Kilindini zinakaguliwa ngapi? Sampuli za maji zinapimwa? Matokeo yatolewe hadharani, na BMU zifunzwe kuripoti kiumbe wasiyemjua mara anaponaswa wavuni.

Sisi twamjua kunguru wa Bara Hindi. Aliachwa akazaana, na leo kumwondoa Mombasa ni kazi isiyokwisha. Kunguru angalau twamwona juu ya paa. Wa chini ya maji tutamjua siku nyavu zitakaporudi tupu.