Kuchora na Kukosolewa

Katika madarasa mengi huonekana jambo hili: mwalimu apitapo kati ya madawati wakati wa somo la kuchora, watoto hulaza mkono juu ya karatasi. Mtoto afichaye hesabu zake huogopa jibu moja tu. Bali afichaye picha huona kana kwamba atakayechekwa ni yeye mwenyewe. Haya hiyo ni ya bure, nayo imewanyima wengi kazi ambayo mikono yao iliiweza.

Mtazameni mtoto wa Usagara aambiwaye achore mawe. Mawe kwake si kitu kigeni. Toka njia panda ya Usagara hata Mwanza mjini, na hata ule mwamba uitwao Bismarck usimamao majini, nchi imejaa mawe yaliyopandana. Lakini aketipo kuchora huinamisha kichwa, hatazami nje hata mara moja, akaandika miviringo mitatu kama mayai ya kuku, mmoja juu ya mwingine. Mtoto huyu hakuchora mawe aliyoyaona. Amechora neno “jiwe” lililo kichwani mwake. Mawe ya Mwanza yana pembe, yana nyufa, yana upande wa jua na upande wa kivuli. Na pale jiwe la juu likutanapo na la chini pana giza jembamba. Giza lile ndilo lionyeshalo uzito. Lisipochorwa, mawe huelea kama mapovu.

Ni kweli kwamba mkono hauna budi kuzoezwa kwanza. Yafaa kupiga mistari iliyonyoka pasipo rula, na miviringo, kwa kaa juu ya ubao au kwa kidole katika mchanga wa ziwa. Na dakika kumi kila siku hufaa kuliko Jumamosi nzima. Lakini zoezi peke yake halitoshi. Mtoto achoraye mawe ya mayai mara mia huwa hodari wa kuchora mayai.

Hapo ndipo atakiwapo mtu wa pili, wala si lazima awe mchoraji. Tuseme mtoto amechora mtumbwi wa wavuvi, akauchukua mpaka ufukweni kwa mzee wa kazi hiyo.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Lete nione.” Mzee akaitazama, akacheka kidogo. “Mtumbwi ni mzuri. Lakini watu wako wote wamekaa upande mmoja. Ukiushusha majini, watakufa maji.”

Pengine mzee yule hajapata kushika kalamu ya risasi tangu azaliwe, na mtoto atarudi nyumbani amenuna. Hata hivyo neno lile lina faida kuliko sifa kumi. Tena mtoto ajuaye kuuliza hasemi, “Je, ni nzuri?” maana watu wema watamjibu kuwa ni nzuri, husema, “Babu, ni wapi palipokosewa?”

Yako mambo mengine ambayo mvuvi hawezi kuyaeleza, na hayo ni ya mwalimu. Pale Kigongo pana daraja kubwa livukalo ziwa mpaka Busisi, lipatalo kilometa 3, lililofunguliwa mwaka 2025. Mtoto alichorapo akisimama karibu na mwanzo wake, nguzo zote huzifanya sawa, za karibu na za mbali, kwa kuwa anajua ni sawa. Jicho huona vingine: kadiri nguzo ziendavyo mbali huwa ndogo, tena husogeleana. Mwalimu amwambie anyoshe mkono, afumbe jicho moja, apime kila nguzo kwa kalamu yake, naye atastaajabu. Daraja lenyewe lilianza kuwa michoro. Kosa la karatasini hufutwa kwa mpira. Kosa la nguzo iliyokwisha simama ziwani halifutiki hivyo.

Wako walimu wasemao “vizuri” kwa kila picha, na hao huwaacha watoto pale pale walipowakuta. Wabaya zaidi ni wale wachukuao kalamu ya mtoto na kuitengeneza picha kwa mkono wao. Picha hupendeza, lakini haiwi ya mtoto tena, naye hujifunza kungoja tu. Yafaa mwalimu aseme kwa kinywa, aonyeshe kwa kidole, kisha aende zake. Mtoto naye asiichane picha ya kwanza. Aiweke kando ya ya pili, azilinganishe.

Wengine huogopa ya kuwa mtu akikosolewa sana atapoteza njia yake na kuwa kivuli cha mwalimu. Hofu hiyo ina haki yake, lakini haikumpata Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alifundishwa Makerere na Bi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko katika miaka ya 1930. Kisha akaenda chuo cha Slade, London, ambako hakukosekana watu wa kumwambia lipi jema na lipi baya. Neno la mvuvi juu ya mtumbwi lazima lifuatwe, maana mtumbwi ukipinduka hauna hoja. Bali nini cha kuchora, hilo ni la mchoraji. Ntiro aliendelea kuwachora watu wa kwao na kazi zao. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, Marekani, lilinunua picha yake moja. Ndani yake wamo wanaume wampelekeao bibi arusi pombe usiku, na pombe yenyewe ni ya ndizi.