Ureno haikuburutwa vitani
JICHO LA KUSINI, na Hamisi Likwena

Nchi isiyo na upande ikiingia vitani, tumezoea kusema imeponzwa na majirani. Ubelgiji iliponzwa kweli mwaka 1914, ilivamiwa. Lakini sisi wa kusini, tunaoishi jirani na Ruvuma, tunao mfano mwingine wa vita hiyohiyo, Vita ya Kwanza ya Dunia, usiofanana na huo: Ureno.

Vita ilipoanza, Ureno haikusema ina upande wala haina. Ndivyo Uingereza, rafiki yake tangu Mkataba wa Windsor wa mwaka 1386, ilivyopenda. Agosti hiyohiyo Wajerumani walivuka Ruvuma wakakishambulia kituo cha Wareno cha Maziua na kuua. Desemba wakaipiga na Naulila, kusini mwa Angola. Lisbon ilinung'unika, ikaongeza askari kwenye makoloni, lakini vita haikutangaza.

Meli ndizo zilizoiingiza. Tangu 1914 meli za Kijerumani zilikuwa zimejihifadhi kwenye bandari za Ureno, zaidi ya 30 zikiwa zimetia nanga mtoni Tagus, palepale Lisbon. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli za Uingereza, nayo ikakosa vyombo vya mizigo. Ikaziomba hizo. Februari 23, 1916, Ureno ikazitwaa; Machi 9 Ujerumani ikatangaza vita.

Ilionewa? Sidhani. Serikali ya Afonso Costa ilikuwa inaitafuta nafasi hiyo. Jamhuri ilikuwa changa, ya mwaka 1910, na mwaka 1898, kisha tena 1913, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekaa faragha kupanga jinsi ya kugawana makoloni ya Ureno. Na Mwingereza huyo ndiye rafiki wa zaidi ya miaka 500! Wakubwa wa Lisbon wakaona asiyepigana hataitwa kwenye mgawo. Hofu yao naielewa. Linalonikera ni nani alitumwa kuilipia.

Aprili 1916 Wareno waliingia Kionga, kipande kidogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikitwaa mwaka 1894. Oktoba wakafika Newala, Novemba wakatimuliwa. Novemba 25, 1917, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, huku Waingereza wakimfukuza, alivuka mto pale Ngomano, akawapiga Wareno na kuzoa bunduki na risasi zao. Alikuwa amekaribia kuishiwa. Ureno, iliyoingia vitani kumsaidia Mwingereza, ikawa imemjazia adui yake ghala.

Mizigo ya majeshi hayo ilibebwa na wapagazi, Wamakonde na Wamakua wakiwemo, wengi wao wakisombwa vijijini kwa nguvu na kulishwa kidogo. Upande wa Zambezi, kamatakamata hiyo ilichangia uasi wa Wabarue mwaka 1917. Hao hakuna aliyewauliza wana upande gani.

Ureno ilipata kiti chake Versailles, na katika ardhi ya Mjerumani ikaambulia Kionga tu. Ndiyo sababu leo mpaka wetu na Msumbiji unafuata Ruvuma hadi baharini. Zamani karibu na pwani uliuacha mto, ukakatia kusini.