Doa jeusi la chungwa lazikutanisha Afrika Kusini na Ulaya mbele ya WTO

Mzozo wa machungwa kati ya Afrika Kusini na Umoja wa Ulaya umelifikia Shirika la Biashara Duniani, WTO. Kinachobishaniwa ni ugonjwa wa kuvu ambao haumdhuru mlaji hata kidogo.

Afrika Kusini, ya pili duniani baada ya Uhispania kwa kuuza nje matunda ya jamii ya machungwa, ilifungua shauri hilo Aprili 2024, na katikati ya mwaka huohuo ikaomba liundwe jopo la kulisikiliza. Inapinga masharti ya Brussels yanayowataka wakulima wake kuweka kumbukumbu za kila dawa waliyopulizia, kukaguliwa mashambani na kwenye vituo vya kufungashia, na kukubali shehena izuiwe doa likionekana.

Ugonjwa wa madoa meusi husababishwa na kuvu iitwayo Phyllosticta citricarpa. Doa lake limebonyea kidogo, katikati ni la kijivu na ukingoni jeusi au la kahawia iliyokoza. Nyama ya tunda haiguswi. Chungwa huambukizwa likiwa changa, katika miezi minne au mitano ya mwanzo baada ya maua kupukutika, lakini doa huweza kujificha hadi tunda liive, na pengine hadi liwe tayari melini. Tunda lililopita safi mbele ya mkaguzi wa Durban laweza kufika Rotterdam likiwa na madoa.

Kiini cha shauri ni swali moja: je, tunda lenye doa laweza kuupeleka ugonjwa katika bustani za Ulaya? Vijimbegu vya kuvu vinavyotoka kwenye tunda husafiri kwa matone ya maji, tena kwa umbali mfupi. Vinavyopeperushwa na upepo hutoka kwenye majani yaliyoanguka na kuanza kuoza chini ya mti. Kwa hiyo Pretoria yasema chungwa lisilo na majani, linaloishia mezani, si hatari. Yaongeza kuwa hali ya hewa ya Mediterania, yenye mvua za baridi na kiangazi kikavu, haiifai kuvu hiyo. Jimbo la Western Cape, lenye hali kama hiyo, halina ugonjwa huo.

Hoja hiyo ya pili ilikuwa na nguvu zaidi kabla ya mwaka 2019, ugonjwa ulipogunduliwa Tunisia, nchi ya Mediterania. Ugunduzi huo hauthibitishi kwamba ni tunda lililouingiza, lakini umewapa hoja wakulima wa Uhispania, ambao kwao machungwa ya kusini ni mpinzani sokoni pia.

Wakati huohuo masharti hayo yanamlazimu mkulima kupulizia dawa mara kwa mara, ilhali Ulaya inazidi kuzibana dawa zenyewe. Mankozebu, iliyotegemewa kwa muda mrefu dhidi ya madoa meusi, ilinyimwa kibali kipya cha matumizi ndani ya Umoja wa Ulaya Desemba 2020. Mashamba makubwa yatamudu dawa mbadala. Mkulima mdogo wa Limpopo, au wa Zimbabwe iliyobanwa na masharti kama hayo, ana njia finyu zaidi.

Kuvu hiyo imeripotiwa pia Kenya, Uganda, Zambia na Msumbiji. Afrika Mashariki mkulima huweza kuichanganya na ugonjwa mwingine wa kuvu, ule wa Pseudocercospora, unaopenda nyanda za juu zenye ubaridi na unyevu. Jani ndilo la kutazamwa: Pseudocercospora hulitia madoa yenye duara la njano na kulipukutisha, ilhali madoa meusi huonekana zaidi kwenye tunda, na kwa nadra kwenye jani, isipokuwa la mlimau.

Kwa asiye na pampu wala fedha za dawa, kazi kubwa iko chini ya mti: kukusanya majani yaliyoanguka au kuyafunika kwa matandazo kabla ya mvua, kukata matawi makavu, na kuchuma matunda ya zamani kabla mapya hayajatunga.