Seli ya Saratani Haivamii kwa Unene

Wasomaji, wapo wanaobisha kwamba usafirishaji wa mizigo ndani ya seli ndio huipa saratani uwezo wa kuvamia. Pimeni ushahidi.

Wanasema saratani husambaa kwa sababu uvimbe umekua mpaka ukakosa nafasi. Ukubwa huongeza hatari, hilo silibishi. Lakini fibroidi ya kilo kadhaa kwa kawaida hubaki kwenye kizazi, ilhali melanoma yenye unene wa milimita chache inaweza kufika ubongoni. Ukubwa hauielezi tofauti hiyo.

Wanasema pia kila kitu kimo kwenye jeni zilizoharibika, na kwamba usafirishaji wa ndani ni kazi ya kawaida ya kila seli, nzima au yenye saratani. Ni kweli, seli zote husafirisha mizigo. Basi tuichukue jeni ya p53, wanayoitaja kuliko zote. Mwaka 2009 watafiti wa Glasgow walionyesha kuwa p53 iliyobadilika huifanya seli izirudishe upesi integrini, yaani protini za kujishikiza, kutoka ndani hadi kwenye utando wake, na kwa njia hiyo seli hupata uwezo wa kuvamia. Shahidi wao mkuu ametoa ushahidi dhidi yao: jeni iliyoharibika imefanya kazi kupitia usafirishaji uleule wanaoudharau.

Usafirishaji huo hugusa hata vipokezi, yaani protini za utando zinazopokea ishara. Je, kipokezi kikishamezwa na seli, ishara yake imezimika? Vingi huishia kuvunjwavunjwa, lakini kipokezi cha EGF, kichocheo cha ukuaji, huweza kuendelea kutoa ishara kikiwa ndani ya vifuko vya seli, na vingine hurudishwa juu kufanya kazi tena.

Hoja yao nzito ni marimastat. Dawa hiyo ilibuniwa kuzuia vimeng'enya vinavyoyeyusha tishu, ikashindwa kwenye majaribio, wagonjwa wakaambulia maumivu ya viungo. Kwa hiyo, wanahitimisha, vimeng'enya hivyo havihusiki. Hapana. Dawa ile ilizuia vimeng'enya vingi kwa pamoja, vikiwemo vile ambavyo mwili unavihitaji, tena ilijaribiwa zaidi kwa watu ambao saratani yao ilikwisha kufika mbali. Iliyoshindwa ni dawa. Kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, MT1-MMP, kilichoelezwa mwaka 1994, kimefungwa kwenye utando: seli hukipakia kwenye vifuko, hukivuta juu ya mikrotubuli, yaani reli zake za ndani, hukifikisha kwenye vijino vya kuchimbia tishu, na ishara za protini iitwayo Src ndizo huchochea vijino hivyo viote. Mwaka 2008 watafiti walipoizima VAMP7, protini inayounganisha vifuko na utando, seli za saratani ya matiti zilipungukiwa uwezo wa kuyeyusha tabaka lililo mbele yao na kupenya. Kimeng'enya kilikuwa kimetengenezwa. Hakikufikishwa.